Jina Likipona, Mshahara Ukaharibika

Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza, na kazi yake ilikuwa hesabu za Serikali. Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Wapo wanaoisimulia marufuku ile kama woga wa maendeleo. Mimi nasema nchi yenye fedha chache ilikuwa na haki ya kuuliza: je, kilichoingia ndani ya mashine ndicho kinachotoka?

Tutazame kazi yenyewe. Katika mashine kubwa za IBM, tangu zile za System/360 zilizotangazwa mwaka 1964, majalada mengi huwekwa ndani ya faili moja kubwa, mfano wa kabati lenye orodha mlangoni. Ukirekebisha jalada moja, nakala mpya huandikwa mwishoni. Nafasi ya ile ya zamani hukaa bure mpaka kabati zima lipangwe upya. Mtaalamu akitaka kubadili namba ya idara katika majalada 500, hafungui moja moja. Hutoa amri moja, na mashine humaliza yote kwa mkupuo. Amri ikiwa na kosa, makosa nayo ni 500.

Kuhamisha ndiko kwenye hatari zaidi. Mashine hizo huiandika herufi A kwa namba 193, ilhali kompyuta za mezani huiandika kwa 65. Kwa hiyo kila alama lazima itafsiriwe. Majina hutoka safi. Lakini mishahara mara nyingi hubanwa, tarakimu mbili katika nafasi ya herufi moja. Ikitafsiriwa kana kwamba ni maandishi, huvurugika. Karani husoma jina, akaridhika, kumbe fedha zimekwisha haribika.

Hapa Kiwalani wapo wastaafu wengi, na mmoja wao aliwahi kuniuliza: "Mwanangu, mnasema kompyuta haisahau. Mbona wao hawaioni miaka yangu ya kazi?" Nilimjibu kwamba kompyuta haikumbuki wala haisahau, mzee wangu. Inatii tu.

Kinga yake ni ya kikale, na kila mhasibu anaijua. Kabla ya kuhamisha, hesabu watu, jumlisha mishahara, jumlisha miaka ya utumishi. Baada ya kuhamisha, rudia. Jumla zikitofautiana hata kwa senti moja, kazi isimame. Na karatasi za zamani zisichomwe mpaka mtu mwenye jina na cheo atie sahihi kwamba zimelingana.

Leo ofisi zinaendelea kuhama kutoka mtambo mmoja kwenda mwingine. Mfanyakazi, tunza barua yako ya ajira na hati zako za mshahara. Na wewe mkuu wa ofisi, usiulize tu kama kazi imekwisha. Uliza nani amelinganisha.