Pemba: Redio Ilipojifunza Kunyamaza

Historia ya redio Pemba husimuliwa mara nyingi kama historia ya mitambo, lakini anayetaka kujua redio imewajenga vipi vijana wa kisiwa hiki hana budi aulize nani aliruhusiwa kusema. Tangu Sauti ya Unguja ianzishwe mwaka 1951 chini ya wakoloni, Unguja ilisema na Pemba ikasikiliza. Januari 1964 sauti iliyotoa amri za mapinduzi redioni ilikuwa ya John Okello, Mganda aliyewahi kuishi Pemba, ila kituo chenyewe kilikuwa ng'ambo ya bahari. Watu walipata habari na burudani, hawakupata nafasi ya kujibu, na mafunzo yasiyo na jibu huishia kuwa matangazo.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mradi wa RISE, ulioanza mwaka 2006 kwa fedha za Marekani, ukiendeshwa na shirika la EDC pamoja na wizara ya elimu ya Zanzibar. Vipindi vyake, Tucheze Tujifunze, viliwalenga watoto wadogo, hasa pale ambapo hapakuwa na skuli ya maandalizi. Mtangazaji alitoa agizo, kisha akanyamaza kidogo; watoto wakajibu kwa sauti, wakasimama, wakapiga makofi, wakahesabu vitu walivyookota nje, na mlezi aliyetoka kijijini akawaelekeza. Ukimya huo ulipangwa tangu kipindi kinaandikwa. Mbinu hiyo ilijaribiwa kwanza Nicaragua miaka ya 1970 kwa hesabu, ikafuatia Kenya miaka ya 1980 kwa Kiingereza cha madarasa ya mwanzo. Mlezi hakuhitaji shahada. Alijifunza kazi humo humo kipindini, siku baada ya siku, kwa hiyo redio ilimfunza mtu mzima na mtoto kwa mpigo mmoja.

Wapo wanaosema Kiingereza kilipenyezwa mapema mno katika vipindi hivyo na kitakula Kiswahili. Hofu hiyo ina msingi: Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mtoto anayekutana na lugha hiyo kwa mara ya kwanza ndani ya somo gumu hupoteza lugha na somo. Lakini vipindi hivi vilifanya kinyume. Kiswahili kilibeba maelezo, Kiingereza kikaingia kidogo kidogo kwa nyimbo na maagizo mepesi, na matamshi yakatoka kwa mtangazaji aliyeandaliwa, kwa hiyo mlezi hakulazimika kubahatisha. Lugha moja iliitumikia nyingine. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la fedha: mradi wa wafadhili huisha. Ni kweli, na ndiyo sababu thamani yake haifai kupimwa kwa idadi ya vipindi, bali kwa mbinu iliyobaki mikononi mwa wenyeji.

Mikono hiyo ipo. Redio Jamii Micheweni, iliyosaidiwa na UNESCO, na ile ya Mkoani ziko karibu na wasikilizaji wake, na redio za aina hii huendeshwa kwa kiasi kikubwa na vijana wanaojitolea. Kijana anayemhoji mvuvi au mkulima wa karafuu, kisha akakata sauti, akapanga maswali na kusoma habari kwa Kiswahili sanifu baada ya kuzungumza Kipemba na mgeni wake, anapata mafunzo ambayo darasa haliwezi kumpa. Atakayesema simu zimemaliza kazi ya redio asisahau kuwa simu humruhusu mtu kurusha neno kabla ya kulipima, wakati chumba cha matangazo kina mhariri wa kumuuliza amelitoa wapi. Kinachokosekana ni Kiingereza chenye mpangilio kwa vijana hao. Vituo hivi vikiandaa masomo yanayomwachia msikilizaji nafasi ya kujibu, kwa gharama ya karatasi na kinasa sauti, vitakuwa vimeirithi kazi ya mwaka 2006 bila kusubiri mfadhili mwingine.