Nani Mwenye Mchezo? Mashabiki wa Pro Evolution Soccer na Mamlaka ya Hadhira

Utangulizi

Katika semina moja ya nadharia ya fasihi tuliulizwa swali hili: kazi ya sanaa ikishatoka mikononi mwa mtunzi, hadhira ina mamlaka gani juu yake? Wenzangu walijibu kwa mifano ya ngano, vitendawili na majigambo. Mimi nikatoa mfano wa gemu ya mpira. Darasa zima likaangua kicheko. Mhadhiri hakucheka. Alisema tu, "Haya, kaandike basi tuone." Makala haya ndiyo deni hilo ninalolipa.

Gemu ninayoizungumzia ni Pro Evolution Soccer, ambayo vijana wengi wa rika langu waliijua kwa jina la PES kabla hawajajua kuandika insha. Kwa zaidi ya miaka ishirini mashabiki wake wamekuwa wakibishana juu ya wapi inakwenda na nani anaiharibu. Ninakusudia kuonyesha kwamba ubishi huo ni uhakiki wenye vigezo vyake, wala si kelele za watu wasio na kazi. Aidha, nitadai kwamba hasira kubwa iliyolipuka mwaka 1921 pamoja na karne moja, yaani 2021, haikutokana na ubaya wa picha peke yake. Ilitokana na hadhira kunyang'anywa sehemu yake ya utunzi.

Nitafuata historia hatua kwa hatua, maana uhakiki usio na historia huishia kuwa umbea.

Chimbuko

Mfululizo huu ni wa kampuni ya Konami ya Japani. Mwaka 1995 kampuni hiyo ilitoa kwa mashine ya PlayStation gemu iliyoitwa Winning Eleven, iliyojengwa juu ya ligi ya Japani ambayo nayo ilikuwa changa, kwani ilianza mwaka 1993. Ndani ya kampuni hiyohiyo kulikuwa na makundi mawili yaliyotengeneza gemu za mpira, moja Osaka na jingine Tokyo. Mfululizo wetu ulizaliwa na kundi la Tokyo. Huko Ulaya ulibadilishiwa majina mara kadhaa, hadi mwaka 2001 ulipoitwa Pro Evolution Soccer.

Mpinzani wake alikuwa FIFA ya kampuni ya Electronic Arts, iliyoanza mwaka 1993. Mpinzani huyu alikuwa na leseni, yaani haki ya kutumia majina halisi ya timu na wachezaji. PES haikuwa nazo, au ilikuwa nazo chache mno. Ndipo tukapata vituko ambavyo mashabiki huvisimulia hadi leo. Roberto Carlos aligeuka Roberto Larcos. Liverpool iliitwa Merseyside Red, na Chelsea ikawa London FC. Katika toleo la mwaka 2002 wachezaji wote wa Uholanzi waliitwa Oranges, kila mmoja na namba yake, kama wafungwa.

Kwa jicho la mfanyabiashara hiyo ni aibu tupu. Kwa jicho la mwanafasihi ni pengo, na pengo katika matini humwita msomaji aje alijaze.

Hadhira kazini

PES ilikuwa na sehemu ya kuhariri. Humo mchezaji aliweza kubadili jina, jezi, nywele, viatu, hata kasi na nguvu za mashuti za kila mtu. Mashabiki wakaingia kazini. Walisahihisha majina timu kwa timu, wakahifadhi kazi yao katika memori kadi, na intaneti ilipoenea wakaanza kugawiana bure mafaili yaliyokwisha kuhaririwa. Wengine walikwenda mbali zaidi wakaichokonoa programu yenyewe. Brazili, mathalani, ilizaa Bomba Patch, toleo la mashabiki la PlayStation 2 lililojaa klabu za nyumbani kwao.

Kwetu Morogoro kulikuwa na kibanda cha gemu: televisheni moja ya inchi 21, pedi mbili zilizofungwa utepe, na benchi. Mechi moja ilikuwa shilingi 200. Mwaka 2012 nilikuwa shule ya msingi na nilikuwa nikitumwa mkate natokomea huko. Mwenye kibanda, kaka mmoja mpole, alikuwa amekesha usiku kadhaa akizigeuza timu mbili za PES 6 zikawa Simba na Yanga. Msimu ule Simba ilikuwa imeifunga Yanga mabao 5 kwa 0, na Emmanuel Okwi ndiye aliyekuwa gumzo la mji. Basi ukazuka ubishi: kasi ya Okwi iandikwe 90 au 95? Mashabiki wa Yanga walisema hata 85 ni upendeleo. Tulibishana kutwa nzima, watu wazima wakiwemo, na bodaboda mmoja aliacha abiria wake akisubiri.

Ndugu msomaji, ule ulikuwa uhakiki. Swali lililokuwa mezani ni lilelile tunalofundishwa mwaka wa kwanza: je, sanaa inausawiri ukweli inavyopasa? Tofauti ni kwamba pale kibandani jibu likipatikana, matini yenyewe ilibadilishwa papo hapo. Ni mhakiki gani wa riwaya mwenye bahati hiyo?

Tena kulikuwa na Master League, iliyoanza katika toleo la mwaka 1999. Hapo ulikabidhiwa timu ya watu wasiojulikana popote duniani: kipa Ivarov, kiungo Minanda, mshambuliaji Castolo. Hawakuwa na wasifu wowote zaidi ya namba. Lakini mtu akishapanda daraja na Castolo, akafunga naye bao la dakika ya 90, humwambii kitu. Castolo anakuwa ndugu. Wahusika hawa wanafanana na Sungura na Fisi wetu. Mtunzi hutoa umbo, na hadhira, kwa kuwarudia tena na tena, huwapa historia. Mashabiki wa mabara mbalimbali wanayakumbuka majina hayo kuliko ya wachezaji wengi wa kweli wa miaka ile.

Mgawanyiko

Kwa mashabiki wengi kilele cha mfululizo huu kilikuwa PES 5 ya mwaka 2005 na PES 6 ya mwaka 2006. Hapo ndipo Adriano wa Brazili alipokuwa akiachia mashuti ambayo kipa huyasikia tu. Mwaka 2007 ikaja PES 2008. Kwenye PlayStation 3, mashine iliyokuwa mpya wakati huo, picha zilikuwa zikikwamakwama. Wakati huohuo FIFA ilikuwa ikijirekebisha mwaka hadi mwaka, na watu wakaanza kuhama.

Toka hapo mashabiki waligawanyika kambi mbili. Wa kwanza walisema PES 6 ndiyo mwisho wa maneno, warudishieni mchezo wao. Wa pili walisema dunia imesonga, tunataka miili inayotembea kama miili. Anayesoma fasihi ya Kiswahili hawezi kuyasikia haya bila kukumbuka mgogoro wa ushairi baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Kambi moja ilishika vina na mizani kama uti wa mgongo, nyingine ikataka pumzi mpya. Swali lilikuwa hilohilo: nini kikibadilika kazi inaacha kuwa yenyewe?

Sitaki kuwapaka mashabiki mafuta kwa mgongo wa chupa. Hadhira si mtu mmoja, na mara nyingi inajipinga. Toleo la PES 2014, lililotoka mwaka 2013, liliwekewa Fox Engine, injini mpya iliyobuniwa na kundi la Hideo Kojima. Wapo waliokuwa wamelilia mabadiliko kwa miaka, na yalipofika wakalilia ya zamani. Isitoshe, kumbukumbu ni fundi wa kupaka rangi. Likizo iliyopita niliicheza tena PES 6. Ni tamu bado, lakini wachezaji hugeuka kwa pembe kama askari wa gwaride, na makipa wana makosa ambayo utotoni nilikuwa nikiyaita bahati yangu. Shabiki anayesema zamani kila kitu kilikuwa bora huyo anahakiki utoto wake.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo kambi zote mbili ziliafikiana: leseni peke yake si dawa. Kuanzia PES 2009 mfululizo huu ulikuwa na haki za Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, hadi zilipoondoka mwaka 2018. Wimbo na nembo vilikuwemo, lakini malalamiko hayakwisha.

Tusisahau pia msingi wa kiuchumi. Mwaka 2009 FIFA ilianzisha Ultimate Team, mtindo wa kukusanya wachezaji kama karata, ambapo karata hizo zaweza kununuliwa kwa fedha halisi. Kidogokidogo faida ikahama kutoka kuuza diski mara moja kwa mwaka kwenda kumuuzia mtu yuleyule kila wiki. Katika mfumo huo, kijana anayejitengenezea timu yake bure kwa kuhariri ni hasara. Kazi yake ya usiku kucha haiingizi senti.

Mwaka 2021

Tarehe 21 Julai 2021 Konami ilitangaza kwamba jina la PES limefika mwisho. Mahali pake ingekuja eFootball, itakayochezwa bila kununuliwa. Ilitoka tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, ikiwa na klabu tisa tu za kuanzia.

Kilichofuata kinajulikana. Picha za nyuso za wachezaji zilizopotoka zilisambaa kama moto wa kiangazi. Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, maoni ya watumiaji yaliifanya kuwa miongoni mwa gemu zilizopata alama mbaya kupita zote. Kampuni iliomba radhi siku chache tu baadaye, na toleo lililohesabiwa kuwa kamili lilikuja Aprili 2022.

Wengi waliotazama kwa mbali walidhani mashabiki walikuwa wakilalamikia sura. Sura zilichekwa, ni kweli, na vichekesho vile vilikuwa vitamu. Lakini ukiwasikiliza mashabiki wa siku nyingi utakuta chini ya kicheko kuna swali jingine: Master League iko wapi? Sehemu ya kuhariri iko wapi? Siku ile ya kwanza havikuwemo. Mchezo uliokuwa na majina ya uongo na uhuru wa kuyasahihisha sasa ulikuwa na majina ya kweli na mlango uliofungwa. Pengo lilizibwa na mwenye mali mwenyewe, na hadhira ikabaki kutazama.

Hapa najua nitapingwa, na pingamizi lenyewe ni zito. Bwenini kwetu vijana wa mwaka wa kwanza wanaicheza eFootball kwenye simu usiku kucha, tena kwa furaha. Wengi wao hawakuwahi kumiliki mashine ya gemu. Kwao, bila kulipia diski, mlango ulifunguka. Nilipomtajia mmoja jina la Castolo akaniuliza, "Huyo alichezea timu gani, bro?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Je, nina haki gani ya kudai kwamba mchezo umeharibika, wakati wapo wanaoupenda ulivyo? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa na shilingi 200 zangu.

Jibu langu ni hili. Shabiki wa zamani hana haki ya kumtawala mtunzi, wala ya kumzuia mgeni kuingia. Kama Konami ingelifuata kila kilio, tungelikuwa bado tunageuka kwa pembe. Ila anayo haki ya kuhukumu, na hukumu yake ipimwe kwa hoja, si kwa umri wa anayeisema. Na hoja ya mwaka 2021 ina uzito kwa sababu haitetei rika moja. Kijana yule wa simu naye angependa siku moja kuiweka timu ya mtaani kwao ndani ya mchezo, abishane na wenzake kuhusu kasi ya winga wao. Hajanyimwa kitu anachokikumbuka. Amenyimwa kitu ambacho hakuwahi kuambiwa kwamba kinawezekana.

Hitimisho

Kwa muhtasari, historia ya PES inatufundisha kwamba hadhira ya mfululizo mrefu si mnunuzi anayesubiri kuhudumiwa. Ni mshiriki. Fanani wa ngano husema "Paukwa!" akanyamaza kidogo, na hadhira hujibu "Pakawa!" Kule kunyamaza kidogo ni sehemu ya utunzi. PES ya majina ya kubuni ilikuwa na kunyamaza kule, pengine kwa sababu ya ufukara wa leseni zaidi ya ukarimu. Mashabiki waliokasirika mwaka 2021 walikuwa wanadai nafasi ya kujibu.

Kibanda cha Morogoro kimeshakuwa duka la vipuri vya pikipiki. Memori kadi yenye Okwi wa kasi 93, namba tuliyoafikiana baada ya suluhu, sijui iliishia wapi. Lakini swali la semina nalijibu vilevile nilivyolijibu siku ile, na sasa nina sababu. Anayepinga na aandike, toleo lijalo lina nafasi.