Maktaba za Eastlands na mtandao: nani anatunza kumbukumbu?

Wasomaji wangu, leo naweka kando lugha za programu tuzungumzie maktaba. Usikimbie, teknolojia tutaifikia! Swali ni hili: maktaba za mitaa ya Eastlands hapa Nairobi zinaweza kufaidika vipi na mtandao, hasa hii mitandao ya kijamii? Wengi hujibu haraka kwamba zifungue ukurasa wa Facebook, basi. Mimi naona jibu linaanzia mbali kidogo, mwaka 1931.

Mwaka huo McMillan Memorial Library ilifunguliwa katikati ya jiji. Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe, William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani. Jengo lina nguzo nzito na simba wa mawe mlangoni. Lakini walioruhusiwa kusoma humo walikuwa Wazungu pekee, hadi 1958. Mwaka 1962 Halmashauri ya Jiji ikaichukua, na maktaba hiyo ikaja kuwa na matawi mawili huku mashariki: Kaloleni na Makadara. Shirika la maktaba za taifa, KNLS, lililoundwa kwa sheria ya 1965, nalo lina tawi Buruburu.

Sasa fikiria. Kwa miaka 27 ya mwanzo, nani aliamua kipi kihifadhiwe? Ni wale wale waliokuwa na ruhusa ya kuingia. Kaloleni ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, lakini ukitafuta maisha yao katika makabati ya wakati ule utawakuta wachache, tena mara nyingi bila majina. Hilo ni pengo la data, ndugu zangu, na hata kompyuta yenye nguvu haiwezi kutafuta kitu ambacho hakijaingizwa.

Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk, na mwaka uliofuata wakaingia ubia na Kaunti ya Nairobi kukarabati maktaba hizo tatu. Kazi haikuishia kwenye kuta na mapaa. Waliorodhesha vitabu, wakaanza kuhamishia nyaraka na picha za zamani kwenye dijitali, na kukusanya simulizi za watu ambazo makabati ya kikoloni hayakuwa nazo. Mimi nilipenda sana hatua hiyo ya mwisho.

Zana zenyewe zipo, na nyingine ni za bure. Mfano ni Koha. Mwaka 1999 maktaba za wilaya ya Horowhenua, New Zealand, ziligundua kuwa mfumo wao wa zamani usingevuka salama mwaka 2000. Zikaomba kampuni ndogo iitwayo Katipo iandike mpya, nao ukaanza kazi Januari 2000, kisha ukatolewa kama programu huria. Koha katika lugha ya Wamaori ni zawadi. Leo maktaba yoyote inaweza kuutumia bila kulipia leseni, ikabaki na katalogi yake yenyewe.

Mfano wa pili ni picha. Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka picha zaidi ya 3,000 katika Flickr na kuwaomba watu wa kawaida waongeze maelezo. Watu wakatambua sura, majengo na miji, na wakutubi wakahakiki na kusahihisha kumbukumbu zao. Sasa hebu weka picha ya Kaloleni ya miaka ya 1950 katika kundi la WhatsApp la mtaa. Kuna wazee watakaokwambia yule ni nani, alifanya kazi wapi, na nyumba ile ilikuwa ya nani. Wazee hao hawatakuwepo milele. Hapa ndipo mtandao wa kijamii unapokuwa chombo cha maktaba, si tangazo tu.

Ila kuna hatari, na sisi waandika programu tuiseme wazi. GeoCities ilifungwa 2009. Google+ ilifungwa Aprili 2019 na kurasa zake zikafutwa. Mwaka huo huo MySpace ilikiri kupoteza muziki uliopandishwa kwa miaka kumi na miwili! Majina ya wazee wa Kaloleni yakibaki katika maoni ya Facebook pekee, yatakuwa kwenye nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hana mkataba na sisi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Facebook na WhatsApp ziwe mlango wa kuwakaribisha watu. Kila jibu linalopatikana, mkutubi alihakiki, amwombe msimulizi ruhusa, kisha aliingize katika katalogi ya maktaba pamoja na tarehe na jina la aliyelitoa. Nakala moja ikae Kaloleni, nyingine mjini. Kompyuta ya kawaida inatosha kuanza. Kinachohitajika zaidi ni mtu mwenye subira ya kuchapa.

Wewe unayesoma haya, huko nyumbani kuna picha ngapi za zamani ambazo hazina majina nyuma? Anza na hizo, wikendi hii, wakati mwenye kuwajua bado yupo.