Kompyuta ilikuja bila chumba chake

Juma hili nataka tuzungumzie joto. Si joto la jua la Septemba, bali lile lililomo ndani ya sanduku la kompyuta.

Miaka ya mwanzo ya 2000 nilizoea kuandikia habari zangu katika duka moja la intaneti hapa Mwanza. Jioni moja, jirani yangu alikuwa binti wa chuo aliyeshinda hapo tangu asubuhi akichapa ripoti yake ya utafiti, inayotakiwa kesho yake. Ghafla kioo kikawa cheusi. Sote tukapiga kelele, "Umeme!" Lakini taa zilikuwa zinawaka. Fundi alipolifungua sanduku alikuta feni imefunikwa na vumbi lililogandamana na wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi. Isitoshe, juu ya sanduku kilitandikwa kitambaa cha kufuma, kizuri kwa macho, ambacho kiliziba matundu ya hewa. Kurasa ambazo binti hakuwa amezihifadhi zilipotea zote.

Tatizo hili ni la zamani kama kompyuta zenyewe. ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1946, ilikuwa na valvu zipatazo 18,000 na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Karibu umeme wote huo uligeuka joto, ikabidi ijengewe mitambo mikubwa ya kupuliza hewa.

Hapa kwetu, kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Mashine za kizazi hicho ziliishi kama wafalme: zilikuwa na chumba chao, kiyoyozi chao na wahudumu wao. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mlango huo ukaja kufunguliwa taratibu tu katika miaka ya 1980 na 1990.

Ulipofunguka, kompyuta ilikuwa imeshakuwa ndogo ya kuwekwa mezani. Joto, hata hivyo, halikwisha. Lilihamia mahali padogo zaidi. Prosesa ya Pentium ya mwaka 1993 ilikuwa na transista milioni 3.1 katika kipande kidogo cha silikoni. Ili isiungue ilihitaji bamba la chuma lenye mapezi, na feni ya kupuliza. Feni hiyo ndiyo iliyorithi kazi ya kile chumba cha baridi.

Na hapa Mwanza feni hiyo ina kazi ya ziada. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo kila mzunguko wa feni huondoa joto pungufu kidogo. Ongeza vumbi, ongeza wadudu wa ziwani, ongeza kitambaa.

Mabaharia wetu wanalijua jambo hili. Injini ya meli kama MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, hupozwa kwa maji, na fundi makini hang'oi nanga kwenda Bukoba kama njia ya maji imeziba. Sisi wa kompyuta tulifundishwa kuiwasha. Ni wachache waliofundishwa kuipoza.

Siku hizi prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi, na mwishowe hujizima. Kwa hiyo kompyuta inayojikokota ifikapo alasiri huenda haina kirusi wala uzee, inakosa hewa. Isogeze mbali na ukuta. Usiiweke juu ya godoro. Kila baada ya miezi michache izime, uifungue, uipulize vumbi. Na hifadhi kazi yako kila ukurasa.

Zamani serikali ndiyo iliyogharimia chumba cha baridi. Leo mzigo huo ni wa mwenye duka, wa mwalimu mkuu, na wako wewe uliyenunua yako.

Yule binti alirudi alfajiri kuanza upya. Kabla ya kubonyeza kitufe alikitoa kile kitambaa, akakikunja, akakikalia.

Tukutane juma lijalo.