Akina Mama Waliofundishana Kupanda Miti

Mpita njia akipumzika penye kivuli humshukuru aliyeupanda mti. Lakini ni wachache wanaouliza, Je, huyo mpandaji alifundishwa na nani? Habari hizi ni za akina mama wa Kenya, ambao walijifunza kazi ya miche wao kwa wao, na kila aliyejua akawa mwalimu wa jirani yake.

Mwanzo wake ulikuwa hivi. Katika miaka ya 1970 wanawake wa mashambani walileta shida zao mbele ya Baraza la Wanawake wa Kenya: kuni zimekuwa haba, vijito vyapungua maji, na udongo huchukuliwa na mvua. Barazani alikuwamo Bibi Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika nchi ya Nyeri. Huyo alisoma kwa masista wa Konsolata huko Mathari, kisha Limuru, kisha Marekani, hata mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari katika Chuo cha Nairobi. Aliposikia shida zile akasema, Mbona tusipande miti?

Basi tarehe 5 Juni, 1977, ikapandwa miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, na hapo kikaanza chama kiitwacho Green Belt Movement. Lakini kupanda siku ya sherehe ni jambo jepesi. Kutunza kila siku ndiko kazi. Tena miche ilitoka wapi? Kwanza Idara ya Misitu ilikubali kuwapa bure. Muda si mrefu miche ikatakwa mingi mno, wakaambiwa sharti walipe. Ndipo wakaazimu kuotesha yao wenyewe.

Wakaitwa mabwana misitu waje kuwafundisha. Wakaja, wakanena habari za mwinamo wa ardhi, na upande wa jua, na kina cha tuta, na kiasi cha changarawe, na vyombo vya kazi. Akina mama wakasikiliza, wakabaki kutazamana. Si kwamba elimu ile ilikuwa ya uongo, la. Ila haikuwa na mlango wa kuingilia. Hapo kazi yote ilikuwa karibu kufa, maana kama wangaliamini kwamba miti ni ya wenye vyeti tu, wangalirudi majumbani mwao mikono mitupu.

Bibi Wangari, ingawa mwenyewe alikuwa na shahada, akawaambia watumie akili ile ile waitumiayo kupanda mahindi na maharagwe. Basi wakaokota mbegu chini ya miti ya kwao, wakazitia katika vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu, mahali ambapo kuku na mbuzi hawafiki. Wakaangalia ipi yaota upesi na ipi yakawia. Kikundi kilichofaulu kikafundisha kingine, hata vitalu vikaenea vijijini. Kwa kila mche uliopandwa ukaishi walipewa senti 4 za Kimarekani. Huo haukuwa mshahara wa kumtajirisha mtu. Tena mche uliokufa haukuhesabiwa, na kwa hiyo kila mmoja alijifunza kutunza. Watu wakawaita mabwana misitu wasio na cheti, nao wakalipokea jina hilo kwa furaha.

Mwaka 2004 Bibi Wangari alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Yeye alifariki tarehe 25 Septemba, 2011. Lakini maarifa yale hayakuzikwa pamoja naye, kwa sababu hayakuwa yake peke yake.

Enyi walimu, na ninyi wazee wa vijiji, tuangalie neno hili. Katika kila mtaa yuko mama ajuaye kuotesha mbegu ambaye hakuna aliyepata kumwuliza. Mwiteni aje katika bustani ya shule, awaonyeshe watoto kwa mikono yake. Kisha kila mtoto naye amwonyeshe mwenziwe.