Njia ya Deni la Wazee wa Afrika Mashariki

Kahe, kusini mashariki ya mji wa Moshi, reli inagawanyika. Mkono mmoja unashuka Tanga, mwingine unaelekea Taveta hadi Voi nchini Kenya. Mkono wa Voi ulijengwa na jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, likiwafuata Wajerumani. Vita vilipokwisha ukabaki njia ya mizigo na abiria, na miaka mingi baadaye ukawa mali ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na treni za kuvuka zikakoma.

Nimeanzia hapa kwa sababu deni ninalolifuata, la pensheni na akiba za wafanyakazi, lilizaliwa kwenye kazi za namna hii. Shirika la Reli lilikuwa moja kwa nchi tatu, Kenya, Tanzania na Uganda, makao yake makuu Nairobi, ambako ndiko lilikokuwa pia Shirika la Ndege. Bandari ziliendeshwa kutoka Dar es Salaam, Posta na Simu kutoka Kampala, na ofisi kuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa juu ya mashirika hayo yote, ilikuwa Arusha. Mzaliwa wa Same aliweza kuajiriwa Tanga, akahamishiwa Nairobi, akaenda kumalizia Tororo, na kila mwisho wa mwezi makato ya pensheni au ya mfuko wa akiba yakatoka kwenye mshahara wake. Hakuwa na sababu ya kujiuliza fedha hizo ziko nchi gani. Sehemu kubwa ya mifuko hiyo ilitunzwa mbali zaidi, London, kwa mawakala wa serikali ya Uingereza.

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967. Baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere, rais wa Tanzania, alikataa kuketi naye meza moja, na kikao cha marais watatu hakikufanyika tena. Mashirika yakaendelea na kazi huku kila nchi ikianza kushikilia makusanyo yake. Kufikia 30 Juni 1977 Jumuiya ilikuwa imekwisha. Wafanyakazi waligeuziwa mwajiri: waliolala watumishi wa Jumuiya wakaamka watumishi wa serikali au wa mashirika mapya ya nchi zao, na wengine wakaambiwa warudi kwao wakasubiri.

Kugawana mali kulimchukua msuluhishi wa Uswisi, Victor Umbricht, miaka mingi. Vichwa vya treni, majengo, meli, mikopo, vyote vilibidi vihesabiwe na kupewa bei. Mkataba wa mgawanyo ulitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984, mbele ya marais Nyerere, Moi wa Kenya na Obote wa Uganda. Kenya ilipata asilimia 42 ya mali, Tanzania 32, Uganda 26. Ndani ya mkataba huo mna kifungu kinachowahusu watu: kila nchi iwalipe raia wake waliokwisha kustaafu, na itenge fedha za haki walizochuma waliokuwa bado kazini hadi siku ya kuvunjika. Mwaka 1987 Bunge la Tanzania likaupa mkataba huo nguvu ya sheria. Kwa hiyo tangu wakati huo hakuna aliyeweza kusema deni halipo. Nalisisitiza hili kwa sababu wazee hawa mara nyingi walizungumziwa kana kwamba wanaomba msaada.

Miaka ikapita, na shilingi ya Tanzania haikuwasubiri. Mwaka 1977 dola moja ilikuwa shilingi 8 na senti kidogo. Mwaka 2005 ilikuwa zaidi ya shilingi 1,100. Tuseme fundi wa reli alikuwa na haki ya shilingi 8,000 siku Jumuiya inavunjika. Hizo zilikaribia dola 1,000. Shilingi hizohizo, zikikabidhiwa mwaka 2005 bila kurekebishwa, hazifiki dola 8. Hakuna mtu aliyehitaji kuiba kitu. Ilitosha faili kukaa.

Ndiyo maana wastaafu wa Tanzania walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 20 Septemba 2005 pande mbili, wastaafu na Serikali, zilitia saini hati ya makubaliano, ikiwahusu wadai 31,831, na Serikali ikatangaza malipo ya shilingi bilioni 117. Likaanza zoezi la uhakiki. Aliyestaafu atoe barua ya ajira na vielelezo vya utumishi. Aliyefiwa atoe hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, maana yake kikao cha ukoo, muhtasari, tangazo na nauli za kwenda na kurudi.

Mjane mmoja wa fundi wa karakana, anayeishi milimani huko Upare, alinitolea mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mna hati ya mshahara ya mumewe iliyopauka, yenye jina la shirika kwa Kiingereza, na safu ya makato yaliyopigwa taipu. Chini ya hati hiyo mna barua za ofisi. Ya kwanza inataka jina lirekebishwe, kwa kuwa herufi moja ya jina la mume imeandikwa tofauti kwenye cheti cha ubatizo na kwenye barua ya ajira. Ya pili inataka kiapo. Ya tatu inasema kiapo kimepokelewa na suala linashughulikiwa. Kati ya barua ya kwanza na ya tatu mtoto wake wa pili aliacha shule ya sekondari kwa kukosa ada.

Malipo yalipotoka, ugomvi ukahamia kwenye hesabu. Serikali ilisema imemaliza wajibu wake. Wazee walisema walicholipwa sicho kilichoandikwa kwenye hati ya makubaliano. Walirudi mahakamani. Walikusanyika mara kadhaa Dar es Salaam, wakafunga barabara kwa miili yao, watu wa miaka 70 na zaidi, na polisi wakaja kuwaondoa.

Upande wa Kenya, wafanyakazi wa zamani 749 waliishtaki serikali yao katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Aprili 2012 kitengo cha rufaa kiliamua kwamba mkataba mpya wa Jumuiya, uliotiwa saini 1999, haurudi nyuma kuhukumu mambo ya 1977. Kisheria naielewa hoja hiyo. Lakini Jumuiya mpya ilirithi jina, mji na ndoto za ile ya zamani, na sioni kwa nini suala la waliofanya kazi ndani ya ndoto hiyo lisiwekwe kwenye ajenda ya marais, kwa uamuzi wa kisiasa, bila kusubiri jaji.

Yule mjane alilipwa. Alipewa jumla, mstari mmoja. Anachodai sasa ni mchanganuo: pensheni kiasi gani, akiba kiasi gani, kwa miaka mingapi ya utumishi, na shilingi ya mwaka gani ilitumika kukokotoa. Mwanawe ameandika barua ya kuuomba, ameambatanisha nakala za vielelezo vyote, na ameipeleka kwa mkono ili igongwe muhuri wa kupokelewa.