Thoriamu Katika Kinu cha Shippingport

Kinu cha nyuklia cha Shippingport, kando ya mto Ohio katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kilianza kazi Desemba 1957 kikitumia urani. Katika urani ya ardhini, sehemu inayopasuka kwa urahisi, yaani urani-235, haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana wataalamu walihofia mapema kwamba vinu vikiongezeka, madini hayo yangeadimika na kupanda bei.

Wengi walitegemea plutoniamu, itolewe katika mafuta yaliyokwisha kutumika na kuchomwa katika vinu vinavyopoozwa kwa sodiamu. Admirali Hyman Rickover, aliyesimamia kinu cha Shippingport, aliona heri kubaki na maji, ambayo wahandisi wake waliyazoea, na kubadili mafuta, atumie thoriamu. Thoriamu ikimeza nyutroni, hatimaye hugeuka urani-233, nayo hupasuka vizuri.

Ugumu ulikuwa katika hesabu ya nyutroni. Kati ya zile zinazotoka katika kila mpasuko, moja sharti iendeleze mpasuko, nyingine igeuze thoriamu, na ziada ni ndogo mno, maana maji nayo humeza baadhi. Vinu vya kawaida hudhibitiwa kwa fito zinazomeza nyutroni, na hapa huo ungekuwa ufujaji. Basi wahandisi waliziacha fito hizo, wakayafanya mafungu ya mafuta yenyewe yapande na kushuka ndani ya kiini: yakipandishwa, moto wa nyuklia hukolea, yakishushwa, hufifia. Kwangu mimi, huo ndio ustadi mkubwa kuliko wote katika habari hii.

Kiini hicho cha thoriamu kiliwashwa Shippingport Agosti 1977 na kuzimwa Oktoba 1982. Mafuta yalipopimwa huko Idaho, ilionekana kwamba yalikuwa na chembe zinazopasuka kwa asilimia 1.39 zaidi ya mwanzo.

Mbona basi njia hiyo haikufuatwa? Wako wanaotaja siasa: India ilifanya jaribio la nyuklia mwaka 1974, na Aprili 1977 Rais Carter akasitisha uchakataji wa kibiashara wa mafuta yaliyotumika, na bila uchakataji urani-233 haipatikani. Wengine hutaja urani-232 inayoambatana nayo, ambayo mionzi ya mazao yake huwatesa mafundi. Hoja zote mbili ni za kweli, lakini Rais Reagan aliondoa zuio hilo mwaka 1981, na kampuni hazikurudi. Naona bei ndiyo iliyoamua. Maagizo mengi ya vinu vipya yalikuwa yamefutwa, na urani ikawa rahisi kununua.

India, yenye thoriamu tele na urani haba, haikuiacha njia hiyo. Wahandisi wake wamesanifu kinu cha thoriamu kinachopoozwa kwa maji ya kawaida, ingawa bado hakijajengwa.